Kasuku Ishirini na Wanane

Siku dada Hedwiga alipopanda Mhezi kuja kutupima tabia, ukungu ulikuwa umelala kijijini tangu alfajiri na hakuna aliyethubutu kuuamsha. Tulimsikia kabla hatujamwona. Kwanza pikipiki ikakohoa kwenye kona, kisha sauti ya mwanamke ikauliza, "Ofisi ya kijiji iko wapi?" na sauti ya mwenye pikipiki ikajibu, "Umeiegemea, dada."

Ndani tulikuwa vijana ishirini na wanane. Wote tulikuwa tumemaliza kidato cha nne na wote tulikuwa tunakaa nyumbani, wengine mwaka mmoja, wengine, kama mimi, miwili na nusu, kiasi kwamba hata tangawizi shambani kwa mama zilikuwa zimeanza kuniamkia. Dada Hedwiga alitoka kwenye mradi wa vijana ulioko Same mjini. Alikuwa na kishikwambi, furushi la karatasi, na tabasamu la mtu aliyekula asubuhi.

"Hili ni dodoso," alisema. "Maswali ishirini na manne. Ukimaliza, mashine inatuambia wewe ni mtu wa aina gani, na mradi unakupeleka kwenye mafunzo yanayokufaa. Aina ni nne. Simba anaongoza. Nyuki anafuata utaratibu. Kasuku anachangamsha watu. Kobe anajitosheleza. Hakuna jibu sahihi wala jibu baya. Jibuni vile mlivyo."

Simba na Nyuki walikuwa na kozi zao, sikuzisikiliza. Kasuku wangeshushwa Same kujifunza mauzo na mapokezi. Kobe alikuwa na nafasi moja tu, na hiyo moja ilinifanya nikae wima: mtunza kituo cha kupima mvua, kule juu, msitu wa Shengena unapoanzia. Kibanda kimoja, kipima mvua kimoja, daftari moja, mtu mmoja.

Niliitaka. Niliitaka mpaka meno yakaniuma.

Ungeniuliza mbele za watu ningecheka, maana Mhezi nzima inanijua mimi, Sifaeli, kuwa ndiye wa kuchekesha. Nimechekesha harusi, nimechekesha kipaimara, na mara moja, kwa bahati mbaya, nimechekesha msiba. Mama akinituma dukani anajua nitarudi jioni, kwa sababu kila baraza litaniita, "Hebu njoo, tuambie ile ya padri na mbuzi." Lakini nilikuwa na ugonjwa wangu wa siri. Nilipenda kunyamaza. Kuna siku nilikuwa naaga kwamba naenda kukata majani ya ng'ombe, halafu napanda mpaka mpakani mwa msitu na kukaa pale ukungu unapoingilia. Unakuja bila miguu. Unachukua mti wa kwanza, unachukua wa pili, mwisho unakuchukua na wewe, na kwa muda fulani hakuna anayekudai kichekesho chochote, hata wewe mwenyewe. Nilikuwa nikirudi nyumbani na nywele zimejaa vitone na majani nimesahau. Ng'ombe ndiye pekee aliyejua siri hiyo, na hakuifurahia.

Basi nikashika kalamu nikiwa Kobe kamili. Nikafika swali la tisa.

"Je, unapenda kufanya kazi peke yako, au pamoja na wenzako?"

Nikainua macho. Mlangoni alikuwa amesimama baba yangu mdogo, Zebedayo, mwenyekiti wa kijiji, na kwapani alikuwa na daftari la msaragambo.

Kwa asiyetujua: pembe ikilia kwetu, kila kaya inatoa mtu. Ndiyo msaragambo. Tunazibua mfereji, tunafukia barabara iliyoliwa na mvua, tunabeba mawe ya darasa. Asiyefika anaandikwa, na aliyeandikwa anatozwa siku za kazi mpaka mgongo wake ujute. Sasa mtu wa Mhezi aandike kwa mkono wake, juu ya jina lake, kwamba yeye anapenda kufanya kazi peke yake, na baba mdogo Zebedayo kasimama pale? Huko ni kwenda kwa mkamataji na kamba yako mwenyewe. Mgeni akikwambia hakuna jibu baya, unamtazama kwanza aliyesimama mlangoni.

Asteria, jirani yetu tuliyesoma naye tangu chekechea, alinipiga kiwiko. "Andika pamoja, we mjinga. Hujaona daftari?"

"Nimeona."

"Basi usituponze. Ukikamatwa wewe watachunguza dawati zima."

Nikaandika pamoja. Kalamu ishirini na nane ziliandika pamoja. Na swali lile lilikuwa na wadogo zake wanne waliokuja baadaye wamevaa nguo tofauti, mara karamu, mara safari, mara mchezo, na wote tukawajibu hivyo hivyo, kwa ari, mtu na mwenzake.

Dada Hedwiga aliingiza majibu kwenye kishikwambi. Kadiri alivyoingiza ndivyo macho yalivyomtoka.

"Miaka minne nafanya kazi hii," alisema, na mkono ameuweka kifuani. "Sijawahi kuona kijiji kichangamfu namna hii. Kasuku ishirini na wanane!"

Miongoni mwetu alikuwepo Paschal, ambaye tangu abatizwe hajasema neno refu kuliko ndiyo. Tukageuka kumtazama.

"Ndiyo," alisema Paschal.

Nafasi ya Kobe ikaenda tambarare, kwa kijana mmoja wa Makanya aitwaye Kakuta, wa jamii ya wafugaji. Sisi tukaambiwa tujiandae kwa mauzo na mapokezi.

*

Wiki ile sikulala vizuri mchana, na mchana ndio wakati ninaojua kulala. Nikifumba macho naona kibanda. Nikifumbua naona Asteria anafanya mazoezi ya mapokezi kwa kuku wa mama yake: "Karibu mteja, tukusaidie nini?"

Nikapata kiungo cha lile dodoso, nikaweka bando, nikajipima upya. Jumatatu nilikuwa na njaa na hasira: nikatoka Simba. Alhamisi nilikuwa nimetoka kupanga kuni za bibi, ndogo huku, kubwa kule: nikatoka Nyuki. Jumapili nimetoka kanisani, nimekula makande sahani mbili, kila mtu namwona ndugu yangu: Kasuku. Ndani ya siku saba nilikuwa nimefuga mbuga nzima isipokuwa yule niliyemtaka.

Nikashuka Same. Ukishuka kutoka kwetu unavua nguo moja moja njiani. Kwenye kona za juu una sweta, kwenye mashamba ya chini una shati, ukifika barabara kuu unatamani uvue na ngozi. Ofisini kwa dada Hedwiga feni ilikuwa inazungusha joto lile lile ili kila mtu apate.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. We si ndiye yule mchekeshaji wa Mhezi?"

"Ndiye, dada. Nimekuja kujiuzulu."

Nikamwonyesha simu. Simba, Nyuki, Kasuku, na tarehe zake. Akatazama kwa huruma, vile daktari anavyotazama mtu aliyejitibu.

"Sifaeli, ukijibu tofauti lazima upate tofauti."

"Sawa dada. Lakini nilikuwa mkweli siku zote tatu. Sasa hapo kilichopimwa ni mimi au ni Jumatatu?"

Akanirudishia simu. "Chombo hiki kinatumika nchi nyingi," alisema.

"Hata jembe, dada. Lakini hulitumii kunyolea."

Alicheka, na nilipomwona anacheka nikajua nimejiharibia. Akanyoosha kidole. "Unaona? Umekaa dakika tano umenichekesha. Nikikupeleka kule juu peke yako utanyauka. Mimi nawajibika kwa mama yako."

Ningejibu nini? Kila nilichokuwa nacho cha kujitetea kilikuwa kinachekesha.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Aliingia kijana mrefu amevaa shuka juu ya sweta mbili, katika joto lile, na meno yanagongana. Akaweka ufunguo mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Dada, nimerudisha."

"Kakuta! Una siku mbili tu!"

"Siku mbili nyingi, dada. Kule hakuna ng'ombe, hakuna mtu, hakuna jua. Nimeamka nikadhani nimekufa, nikatafuta wa kumuuliza, hayupo." Akanitazama mimi, nikamsogezea kiti, akakaa karibu kabisa ili apate joto la bega langu. "Nyumbani tunakula watu kumi na wawili. Tunaongea mpaka maziwa yanaganda. Kule nimeongea na sufuria."

"Lakini uliandika unapenda kufanya kazi peke yako!" Dada Hedwiga alikuwa ameshapekua karatasi. "Hii hapa. Swali la tisa. Na la kumi na tatu."

Kakuta alishangaa kweli. "Sasa niandike nini, dada? Niandike kwamba nikienda machungani nataka mtu wa kunishika mkono? Mzee wangu alikuwa amekaa nyuma yangu. Kijana asiyeweza kuchunga peke yake ni kijana gani?"

Feni ikazunguka. Dada Hedwiga alimtazama Kobe wake, akanitazama Kasuku wake, na nikaona kitu kidogo kinapita usoni mwake, kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya katani.

"Sifaeli," alisema polepole. "Pale Mhezi, swali la tisa. Nani alikuwa nyuma yenu?"

Nikamweleza habari za daftari la msaragambo. Hakucheka. Aliuliza kama Paschal yule ni kasuku kweli. Nikamwambia Paschal akikohoa tunampigia makofi.

"Ijumaa ijayo lazima nitume jina," alisema mwisho. "Mvua za vuli zinaanza, kituo hakiwezi kukaa bila mtu. Shika ufunguo siku saba. Sio ajira. Ni kushika tu, mpaka nipate Kobe."

*

Njia ya kwenda kituoni inapita mashambani, inaingia kwenye miti yenye ndevu, halafu inasahau kwamba ni njia. Kibanda kimekaa kwenye uwazi mdogo. Mbele yake kipima mvua, kopo la chuma juu ya kigingi, linatazama juu siku nzima bila kuchoka shingo. Kazi yangu ilikuwa moja. Kila siku saa tatu asubuhi, kumimina maji yale kwenye kichupa chenye mistari, kusoma, kuandika.

Siku ya kwanza niliandika milimita nne nukta mbili, nikahisi nimeandika barua.

Siku ya pili ukungu uliingia na haukutoka. Nilikaa mlangoni. Dunia ilikuwa hatua nane: kigingi, kopo, jani moja la mgomba pori lenye tone linalokua. Nililitazama lile tone likijaza tumbo lake, likiwaza, likianguka. Lingine likaanza. Nadhani asubuhi iliisha hivyo, sina hakika. Sauti za kijijini zilipanda mara moja, mbwa, shoka, mama wa mtu akiita mtoto, zikiwa zimelainishwa na umbali mpaka zikafanana na mambo niliyowahi kuota utotoni. Nilikuwa na furaha ambayo haikunitaka nifanye chochote. Nilitembea nayo kuzunguka kibanda kama mtu anayebeba bakuli limejaa.

Siku ya tatu nikaona mbega. Walikaa juu na mikia yao myeupe imening'inia kama taulo za hoteli. Wakanitazama, nikawatazama, tukaachana kwa heshima.

Siku ya nne ilikuwa mbaya, na lazima niseme. Niliamka na kichekesho kinywani, kizuri, kimeiva, kuhusu mchungaji aliyepima mvua kwa kofia. Nikakaa nacho. Kikanisumbua. Mwisho nikatoka nje nikawasimulia mbega, na mikono nikatumia. Hakuna aliyecheka. Mmoja alijikuna. Na ukimya ule niliokuwa naupenda ukageuka ukawa ukumbi ambao watu wamekwisha ondoka, mimi bado nipo jukwaani. Nikaogopa. Labda mashine ilikuwa sahihi. Labda nilikuwa Kasuku tangu tumboni, na kule kupenda ukungu kulikuwa uvivu wa kukata majani tu. Nililala mchana huo nikaota swali la tisa linagonga mlango, limevaa koti, linauliza kama niko peke yangu au na wenzangu, na mimi nimesahau.

Siku ya tano nikachelewa. Nilifumbua macho nikaona mwanga umekaa mahali pasipo pake. Saa nne na dakika kumi. Nikatoka mbio bila viatu. Kopo lilikuwa na maji, nikasoma milimita kumi na moja nukta sita. Kalamu ikasimama juu ya karatasi. Ilikuwa imeshaandika saa tatu mara nne, ilijua njia, ingeandika ya tano bila kuniuliza. Msitu mzima ulikuwa umenyamaza na hakuna aliyesimama nyuma yangu.

Nikaandika: saa nne na dakika kumi, nimechelewa, nililala.

Baada ya hapo sijui kilitokea nini, ila woga wa jana haukurudi. Siku ya sita nilisimulia tena kile kichekesho, kwa sauti ya chini, nikiosha sufuria. Nikakipunguza maneno. Kikawa kizuri zaidi.

*

Ijumaa walipanda wawili, dada Hedwiga na baba mdogo Zebedayo, kwa sababu fomu ilihitaji muhuri wa kijiji, na muhuri wa kijiji haujawahi kutembea bila baba mdogo. Nikawaamkia, nikawapa chai ya tangawizi. Dada alisoma daftari akiwa amesimama. Kidole chake kikafika siku ya tano.

"Ungeandika saa tatu, nani angejua?"

"Hakuna, dada."

"Sasa?"

"Yangekuwa maji ya saa nne yanajifanya ya saa tatu. Na mimi nilishajifanya vya kutosha kwenye karatasi yako nyingine."

Akafunga daftari. "Mradi hautaki daftari, unataka aina. Utajaza upya sasa hivi. Na nitakupa hapa hapa, mbele ya mwenyekiti, maana sina muda wa kumshusha mlima."

Baba mdogo alijisogeza mlangoni. Mwanga ukapungua. Daftari la msaragambo lilikuwa pale pale kwapani, nadhani hulala nalo.

Nikafika swali la tisa. Nilijua sasa jibu moja linanileta huku na jingine linanishusha Same, na nilijua pia jibu lipi litasomwa na nani. Nikaweka alama: peke yangu.

"Nimeona," alisema baba mdogo.

"Naam, baba mdogo."

"Umeandika peke yako."

"Nimeandika, baba mdogo. Pembe ikilia nitashuka kama wengine. Lakini swali halijauliza nitafanya nini. Limeuliza napenda nini."

Alipangusa daftari lake kwa kiganja. Nje tone lilianguka, na lingine. "Baba yako alikuwa hivyo hivyo," alisema mwisho. "Akishika jembe hataki kusemeshwa. Lakini yeye hakuwa na akili ya kuandika." Akafungua daftari. "Siku mbili za mfereji. Kwa kuandika upweke mbele ya mgeni."

"Asante, baba mdogo."

Dada Hedwiga alimaliza kuingiza majibu. Akasubiri. Kishikwambi kikazungusha kile kiduara chake, kikatafakari maisha yangu, kikatoa jibu. Alinigeuzia nisome.

Kasuku.

Swali la tisa lilikuwa limesema Kobe. Yale mengine yote, ya kupenda kuongea, ya kuanza mazungumzo na mgeni, ya kucheka kwa sauti, niliyajibu kweli, na kweli ilikuwa imenizidi kura. Nilihisi kibanda kinaondoka polepole chini yangu.

"Ni kweli," nilisema. "Mimi ndivyo nilivyo, dada. Na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Sijui mashine inaviweka wapi vitu viwili."

Dada alitazama nje kwenye kopo, akatazama daftari, akatazama kwenye fomu jina la Kakuta lililokatwa kwa wino mwekundu. Kisha akafungua kwenye kishikwambi ukurasa wenye visanduku vinne, kimoja kwa kila aina. Dole gumba lake likaelea juu ya Kasuku kitambo, likahama, likagusa Kobe. Sayansi ikaishia hapo.

"Unaanza Jumatatu," alisema. "Na ukinyauka, nyauka kimya kimya."

Baba mdogo akagonga muhuri mara mbili, ya pili kwa kupenda tu.

*

Jumatatu nilipima saa tatu kamili, milimita sita nukta nne, nikaandika, nikashuka kulipa faini yangu. Wenzangu walikuwa tayari mferejini, wamejipanga kuanzia juu mpaka chini, na Asteria alinipokea kwa makofi.

"Jamani, mpishe mpweke apite! Msimguse, ana kazi ya serikali!"

"Asante mapokezi," nilimwambia. "Kuku wako hawajambo?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, nikachukua jembe. Tulikuwa hatujachimba hatua ishirini ukungu ukashuka. Ulimchukua Paschal kwanza, kule juu, kisha mmoja mmoja kufuata mfereji, mpaka nikabaki na mikono yangu na kipande cha tope. Lakini majembe niliyasikia yote. Yalikuwa yanapiga karibu na mbali, kila moja na mwendo wake, na maji yalianza kusogea katikati yetu bila kumwona mtu.

"Sifaeli!" Sauti ya Asteria ilitoka mahali fulani. "Upo?"

"Sipo!"

Kicheko kikapita kwenye ukungu, kutoka juu mpaka chini. Nikainama, nikaendelea kuchimba.